Nguo ya Mtu Mmoja

Kwa miaka mingi mtu akiniuliza kazi yangu nilimjibu kwamba nashona sare. Sikusema mimi ni fundi wa nguo. Nilikaa kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi hapa Lodwar, cherehani yangu ikitazama barabara, na kuanzia Novemba hadi shule zilipofunguliwa sikupata nafasi ya kuinua kichwa. Kaptura za kijivu, sketi za bluu, mashati meupe ambayo vumbi la kwetu huyageuza rangi mtoto akiwa bado njiani kwenda darasani. Nilikunja kitambaa tabaka juu ya tabaka, nikaweka kipande cha katoni juu yake, nikapitisha chaki, nikazikata zote kwa pamoja. Saizi ya wadogo, saizi ya kati, saizi ya wakubwa. Watoto wenyewe sikuwaona mpaka nilipokutana nao barabarani wamevaa kazi yangu, wengine wameshikilia kiuno cha kaptura kwa mkono ili isianguke.

Ushonaji niliusomea kwenye chuo cha ufundi cha misheni. Baba alikuwa na mbuzi, ukame ukawamaliza, akaniambia nitafute kazi isiyokufa kwa kukosa majani. Nilichagua cherehani kwa sababu darasa la useremala lilikuwa limejaa. Huo ndio ukweli, ingawa nikiwa barazani niliwaambia wateja kwamba nilipenda nguo tangu utotoni.

Jirani yangu pale barazani alikuwa fundi viatu, mzaliwa wa Kalokol, mtu wa rika langu na mwenye maneno mengi. Tuligawana kivuli na chai. Kila asubuhi mji mzima ulipita mbele yetu ukienda kazini: watu wa kaunti na vitambulisho vyao vikining'inia shingoni, wanawake waliobeba makaa, walimu, vijana wa bodaboda, wasusi wa vikapu vya majani ya mikoma. Mke wangu naye alipita na karai la samaki wakavu kutoka Longech akielekea sokoni, na tulisalimiana pale kana kwamba hatukuamka nyumba moja.

"Ejoka?"

"Ejok."

Kisha akaendelea na safari yake, na fundi viatu akanitania kwamba mke wangu ananiheshimu zaidi barabarani kuliko nyumbani.

Halafu mwaka mmoja mwalimu mkuu wa shule niliyoitegemea alikuja mwenyewe barazani. Kwa kawaida alimtuma karani. Nilipomwona anavuka barabara na kofia mkononi, nilijua.

"Fundi," akasema, "safari hii sare zitatoka Kitale. Zinakuja zimeshonwa tayari, pamoja na sweta. Wazazi wenyewe wameomba hivyo."

"Sawa, mwalimu," nikasema.

"Usinielewe vibaya."

"Sijakuelewa vibaya."

Alisimama kidogo, akaisifu cherehani yangu, akaenda zake. Novemba ikafika nikiwa nimeinua kichwa. Nilibandika viraka kwenye mahema, nikabadilisha zipu za mabegi, nikashona magunia yaliyopasuka.  Mke wangu alianza kuondoka nyumbani mapema zaidi na kurudi akiwa amechelewa, na tulipokutana pale barazani salamu yake ikawa laini, kama ya mtu anayesalimia mgonjwa.

Miezi kadhaa baadaye, muuguzi mmoja alinijia. Alikuwa dada wa Kakamega aliyepangiwa kazi katika hospitali ya hapa, na nilikuwa nimewahi kumpunguzia urefu wa sketi. Alitoa kitenge kwenye mfuko, rangi ya kijani na machungwa, kisha akanionyesha picha kwenye simu. Lilikuwa gauni lililobana kiunoni, mikono imevimba mabegani kama kibuyu, mgongo umekatwa kwa namna ambayo sikuielewa hata nilipoikuza picha.

"Nataka hili. Ni la harusi ya dada yangu. Unaweza?"

"Naweza kukushonea gauni."

"Si gauni tu, fundi. Hili."

Nilitazama tena. "Hili siwezi."

Akacheka kwa mshangao. "Mafundi wote husema wanaweza. Halafu mtu unaenda harusini umevaa gunia."

"Ndiyo maana nimekwambia."

Alieleza kwamba kitenge alikinunua Kakuma, kwenye soko la kambi ya wakimbizi, na kwamba huko ndiko alikoona mitindo hiyo, kwa mafundi wa Kikongo. Lakini hakuwa na likizo ya kurudi huko. Alianza kukikunja kitambaa chake polepole, na sijui ni nini kilichonisukuma, labda ni ile polepole yake, nikasema, "Niachie. Nitakipeleka mimi." Nikampima kama nilivyojua: kifua, kiuno, urefu.

Fundi viatu alisubiri mpaka muuguzi alipofika mbali. "Kwa hiyo sasa wewe ni mtu wa kubeba mizigo," akasema.

Nilikuwa nimepita Kakuma mara nyingi, lakini ndani ya soko la kambi nilikuwa sijaingia kwa miaka. Upande wa Wasomali uliuza simu, unga na maziwa ya unga. Mbele zaidi harufu ikabadilika, nikasikia mboga ya majani ya muhogo ikichemka na muziki wa gitaa, na huko ndiko kulikokuwa na njia ya washonaji. Nilimwuliza mwanamke mmoja fundi mzuri ni nani, akanyoosha mkono bila kufikiri.

Kibanda kilikuwa cha mabati. Ndani mlikuwa na cherehani tatu, moja imefunikwa gunia. Mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi hivi, chaki ameichomeka kwenye nywele.

"Karibu, papa," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao Kongo, ambacho kilinichukua muda kukizoea. "Ni kwa bibi yako?"

"Hapana. Ni ya mteja wangu."

"Mteja? Weye unafanyaka kazi gani?"

"Mimi ni fundi. Nashona Lodwar."

Akaweka mkasi chini. Alinitazama mikono kwanza, ndipo akanitazama uso. "Fundi analetea fundi kitambaa. Hiyo miye sijaona bado."

Nilimpa vipimo. Akavisoma, akangoja, akaona hakuna vingine. "Na mgongo? Na kutoka bega mpaka kwa kiuno? Huyu mama iko na mabega sawasawa?"

Sikujua. Nilifunga macho nikajaribu kumwona yule muuguzi amesimama mbele yangu. "Anafanya kazi hospitalini," nikasema. "Anainama juu ya vitanda siku nzima. Na begi lake hulibeba bega la kushoto. Nafikiri hilo limeshuka kidogo."

Akacheka kwa sauti. "Sasa ndiyo unanipa kipimo."

Alikitandaza kitenge mezani, akachora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa, bila katoni wala karatasi, akakata. Sikuondoka. Nilikaa kwenye ubao mlangoni nikitazama mkasi wake, na jinsi alivyolinganisha maua ya kitambaa ili yakutane kwenye mshono. Gauni lilipoanza kuonekana, nilijisikia kama mtu aliyeishi mjini miaka yote na leo ameonyeshwa mtaa asiowahi kuujua.

"Unaweza kunifundisha?" nikamwuliza.

"Hapana."

Alisema huku akitabasamu, lakini haukuwa mzaha. "Batu ba hapa banasema siye wakimbizi tunakamata kazi yao. Na leo mwenyeji anakuya kukamata yangu?"

 Alichukua pasi ya makaa akatoka nje kuipepea. Nilibaki peke yangu na ile cherehani iliyofunikwa, na mkono wangu ukalivuta gunia kabla sijafikiri. Ilikuwa ya aina niliyoijua vizuri. Chuoni tulilazimishwa kuzifungua vipande vyote na kuzirudisha kabla ya kuruhusiwa kushona hata leso.

"Hii ina shida gani?" nikamwuliza aliporudi.

"Ilikufa. Maji ya mvua iliingiaka hapa. Waliniambia nitupe."

Niliazima bisibisi kwa Msomali aliyetengeneza simu kibanda cha pili. Kutu ilikuwepo, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa mwingine: sindano ilikuwa ikishuka na uzi wa chini ukichelewa kuipokea, hivyo havikukutana. Nilisafisha, nikalegeza, nikasogeza, nikakaza. Nikatia mafuta. Nilipokanyaga, ikashona. Yeye hakutazama mshono. Alisimama akiusikiliza mlio wake, kichwa amekiinamisha.

"Kesho utakuya saa ngapi?" akaniuliza.

Gauni la muuguzi nililirudisha Lodwar mwisho wa wiki hiyo. Alikwenda nalo kwake, na baada ya muda mfupi akarudi barazani amelivaa, akazunguka mbele yetu katikati ya vumbi la bodaboda. Alijishika bega la kushoto. "Nani amelijua bega langu?" akauliza. 

Nyumbani nilimweleza mke wangu kwamba nataka kukaa Kakuma siku za kazi, kwa binamu yangu, na kurudi mwisho wa juma.

"Kufundishwa," akasema.

"Ndiyo."

"Mtu wa umri wako."

"Ndiyo."

Alikuwa anachambua samaki, akaendelea kuchambua. "Watu wataniuliza uko wapi."

"Waambie niko Kakuma."

"Nikisema Kakuma watadhani umepata kazi kwa shirika. Wataanza kuja kukopa." Hapo ndipo tulipocheka, na nikajua ameniruhusu.

Kujifunza ukubwani ni aibu ndogo ndogo nyingi. Mwalimu wangu, maana ndivyo nilivyomwita tangu wiki ya kwanza, alinifanya nifumue zaidi ya nilivyoshona. Nilikuwa na haraka ya sare mikononi. Nilinyoosha kitambaa na kutaka kukata, naye akaniuliza, "Hii ni ya nani?" Nikajibu ni gauni la saizi fulani. "Sikuuliza saizi. Ni ya nani?" Nikarudi kumtazama mteja aliyekaa kwenye ubao, mara hii kwa kumtazama kweli: huyu ananyonyesha, huyu anasimama kwa mguu mmoja, huyu ana tumbo analotaka lisionekane na yule ana tumbo analotaka lionekane.

Kupima wanawake kulinishinda mwanzoni. Watoto wa shule sikuwapima, na wateja wangu wa kike Lodwar walileta nguo ya zamani nikaiga. Msichana wa kwanza niliyetakiwa kumpima nilimzungushia tepu kwa mbali sana, kama mtu anayepima ukuta. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Papa, hapana ogopa," mwalimu akasema. "Anataka nguo. Weye hakutaki."

Kibanda kizima kilicheka, nami nikacheka, na baada ya hapo mkono wangu ukatulia.

Kidogo kidogo nilijua habari zake, si kwa kuuliza. Alitoka Uvira, mji ulio kando ya ziwa. Dada yake mkubwa ndiye aliyemfundisha kushona. Kakuma alikuwa amekaa miaka mingi kiasi kwamba vumbi halikumkera tena. Kuhusu mume hakusema, nami sikugusa hapo. Naye alijua habari zangu: sare, mbuzi wa baba, samaki wa mke wangu. Mara moja nilimletea samaki kutoka Longech. Alimnusa, akamgeuza, akasema chumvi ni nyingi lakini mkaushaji anajua kazi. Nilimpelekea mke wangu salamu hiyo, akaipokea kwa fahari kuliko alivyotaka nione.

Kisha mgao wa chakula ulipunguzwa kambini. Nilikuwa nimesikia watu wakilizungumzia jambo hilo kama mambo ya redio, lakini pale kwenye njia ya washonaji tuliliona kwa macho. Wanawake waliokuwa wakileta vitenge vishonwe walianza kuleta vitenge viuzwe, vikiwa bado vimekunjwa kama vilivyotoka dukani. Vingine vilikuwa zawadi za harusi. Mwalimu alivishika, akavisifu, akavirudisha, kwa kuwa naye hakuwa na uwezo wa kuvinunua. Wanagenzi wake wawili waliacha kuja, mmoja akaenda kuuza maji. Siku moja watu waliandamana, soko likafungwa kwa haraka, nasi tukabaki ndani ya kibanda tumevuta mlango wa bati, tukisikia miguu ikikimbia nje. Mwanga uliingia kwenye matundu ya misumari. Yeye alikuwa ameketi mbele ya ile cherehani niliyoifufua, mikono mapajani.

"Kazi iko ndani ya mikono yangu," akasema, "lakini batu habako."

"Lodwar watu wako," nikasema. "Walimu, watu wa kaunti, wauguzi. Wanatafuta fundi mpaka Eldoret."

"Lodwar miye sifike. Kutoka hapa inaomba kibali. Nikiomba, wananiuliza ju ya nini. Nitasema ju ya magauni?"

Nilikuwa nimeijua sheria hiyo siku zote, kama ninavyojua kwamba jua ni kali. Kila Ijumaa nilipanda gari na kurudi nyumbani bila kuulizwa kitu na mtu yeyote, nikimwacha pale. Siku ile, nikiwa nimefungiwa ndani ya bati pamoja naye, ndipo nilipoona jambo lenyewe lilivyo.

"Basi nitawapima mimi," nikamwambia. "Nitawapima vizuri. Nitakuletea vipimo na kitambaa, wewe ukate, tushone wote."

Alifikiri. "Na jina? Watasema ni kazi ya nani?"

"Nitasema yako na yangu."

"Sema ile kweli," akasema. "Yangu mbele, kisha yako."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Muuguzi alileta wenzake wa zamu, hao wakaleta dada zao. Nilipima barazani nyuma ya shuka niliyoitundika, nikiandika si inchi tu bali na namna mtu anavyosimama. Si wote waliofurahi. Mama mmoja wa ofisi za kaunti aliuliza gauni litashonewa wapi, nilipomwambia akachukua kitambaa chake. "Nilitaka kuinua kazi ya hapa kwetu," akasema. Fundi mwenzangu wa upande wa pili wa barabara alinieleza wazi kwamba nawapelekea wakimbizi riziki ya watoto wetu. Nilimjibu kwamba kabla ya hapo riziki hiyo ilikuwa ikienda Eldoret, wala sikumsikia akiililia. Hatukusalimiana kwa muda mrefu. Iliniuma, maana tulisoma chuo kimoja.

Kitu kimoja nakikumbuka zaidi ya vyote vya kipindi hicho. Mama kutoka Katilu alikuja na binti yake, mwanafunzi, mtoto aliyezaliwa na uti wa mgongo uliopinda. Sare ya dukani ilimpanda nyuma na kumning'inia mbele, na watoto wenzake walimcheka, akaanza kukataa kwenda shule. Mama alitaka tu nishushe pindo la nyuma. Nilimwomba mtoto asimame. Akasimama akiangalia chini. Nikampima mgongo kwa mkunjo wake, upande huu na upande ule, polepole, nikimwambia ninachofanya kila niliposogeza mkono, kama mwalimu alivyonifundisha. Kazi hiyo sikuipeleka Kakuma. Niliikata mwenyewe, juu ya kitambaa cha bluu, bila katoni.

Alipoivaa, pindo lilikaa sawa pande zote. Mtoto alijigeuza, akajaribu kujiona mgongoni. "Iko sawa," akasema kwa mama yake kwa Kiturkana, na mama akatazama pembeni. Walipoondoka, fundi viatu aliniuliza nawaza nini. Nilimwambia nahesabu kaptura nilizowahi kukata kwa katoni. Akasema niache upuuzi, watoto wale walikua na kaptura zilitupwa. Labda. Lakini wale waliokuwa wakishikilia viuno vyao barabarani niliwaona kwa miaka yote hiyo, na nilidhani ni watoto ndio wenye makosa.

Mwalimu alikuja Lodwar mwishowe, na sababu haikuwa magauni. Macho yake yalikuwa yameanza kumshinda. Nilikuwa nimemwona akilamba uzi mara kadhaa na kulikosa tundu la sindano, akisingizia mwanga. Kliniki ya Kakuma ikampa rufaa kwa daktari wa macho wa huku, na kwa rufaa hiyo kibali kikapatikana. Muuguzi wetu alimpokea hospitalini na kukaa naye kwenye foleni. Daktari akasema ni umri tu na kazi, miwani itatosha. Ni hapo tu, hofu iliponitoka, ndipo nilipojua nilikuwa nayo.

Alifika barazani na miwani mipya, akiitazama Lodwar kana kwamba nayo imeshonwa juzi. Fundi viatu alimwondolea kandambili miguuni kabla hajakaa, akaishona kamba iliyokuwa imelegea, akakataa malipo. Mke wangu alitoka sokoni na kumshika mikono yote miwili. Hawakuelewana vizuri, mmoja akiongea Kiswahili cha Kongo na mwingine cha wauza samaki wa Lodwar, lakini waliongea kwa muda mrefu, na nilisikia neno chumvi likirudiwa.

Tulipokuwa tunakunywa chai, mwalimu wa kike wa shule ya karibu akapita amevaa gauni letu, lile la zambarau. Nilimwonyesha mwalimu wangu kwa kichwa. Nilidhani atafurahi. Alisimama.

"Papa! Ile mkono wa kuume, uliugeuza!"

"Haujageuka."

"Umegeuka! Angalia vile inavutaka." Akaenda mpaka barabarani, akamsimamisha yule mwanamke asiyemjua, akamshika begani na kuanza kumweleza. Mwalimu wa shule akashtuka, kisha akaelewa huyu ni nani, akaanza kucheka. "Kumbe ni wewe!" akasema. "Kumbe ni wewe umenishonea!" Wakasimama pale kati ya bodaboda, mmoja akimvuta mwenzake mkono wa nguo, na mwalimu wangu akawa anarudia, "Ni miye. Ni miye." Mkono wenyewe ulikuwa umegeuka kweli.

Kabla ya gari lake kuondoka aliniomba kitu kimoja: nimwonyeshe mto. Kule Kakuma kuna laga, mto wa mchanga unaojaa maji mvua ikinyesha juu milimani na kukauka tena kabla watu hawajamaliza kusimuliana. Yeye alitaka maji yanayokwenda. Tulishuka kando ya daraja la Turkwel. Wanawake walikuwa wakifua, punda wakinywa. Alivua kandambili, akakunja kitenge chake magotini, akaingia mpaka maji yalipomfika kwenye miundi. Akavua miwani, akaishika mkononi.

"Inakwenda wapi?" akauliza.

"Ziwani. Huko wanakotoka samaki wa mke wangu."

"Na ng'ambo inaonekanaka?"

"Asubuhi, kama hakuna vumbi."

"Kwetu inaonekanaka kila siku. Unaona nyumba, unaona mpaka magari." Aliigeuza miwani mkononi. "Mume yangu alivukaka ile maji kwenda kuuza vitambaa. Ile juma ndiyo vita ilifika. Hakurudia, na siye tukakimbia upande ingine."

 Nilivua viatu vyangu nikaingia majini pia, nikasimama si mbali naye. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yalikuwa na nguvu kuliko yalivyoonekana. Tulikaa hivyo mpaka dereva akaanza kupiga simu.

Njiani kuelekea kwenye gari alivaa miwani yake, akaniuliza kama kile kitambaa cheusi cha muuguzi mkuu nimekwisha kukikata. Nikamwambia bado.

"Usikate," akasema. "Huyo mama nilimwona leo pale hospitali. Anatembeaka haraka sana. Tutamwachia nafasi kwa magoti."

Nikamwambia sawa, mwalimu. Akapanda, akakaa dirishani, na gari likashika njia ya Kakuma.